Kikombe Kimoja Kabla ya Majani Chai

Kila asubuhi, kabla sijafunga kikapu mgongoni kwenda kuchuma majani chai, nakaanga kahawa. Ni kiasi cha ngumi moja. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hapa kwetu, juu ya Sironga, yamesemwa mengi: kwamba ni dawa ya mganga, kwamba nimechanganyikiwa, kwamba nauza. Siuzi. Ni kikombe kimoja na mnywaji ni mimi.

Sijui kama naandika vizuri. Nilimaliza darasa la saba, basi. Nyumbani tunazungumza Ekegusii, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa hivyo hata ugomvi wa jikoni ukifika kwenye daftari hili unavaa Kiswahili. Mtu aliyesoma ataona makosa. Ayaone. Ninachojaribu ni kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema, hata yale yaliyoniuma, na hata yale yaliyoniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Sisi ni watu wa kanisa la Jumamosi. Kwetu kahawa hainywewi, kama vile pombe hainywewi na sigara haivutwi. Wengine hawanywi hata chai, ingawa hilo watu hulipita kimya kimya, maana mlima mzima ni chai. Lakini kahawa, hapana. Na papo hapo, chini kwenye shamba letu, karibu na kijito, kuna miti ishirini na mitatu ya kahawa aliyopanda baba mkwe wangu. Nimeichuma tangu nilipoolewa. Nimeipogoa, nimeipalilia, nimebeba matunda yake mekundu hadi kiwandani na kusimama kwenye foleni. Katika miaka hiyo yote sikuwahi kujua ina ladha gani. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Nyumbani tuko watatu. Kuna mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa. Kuna mama yake, ambaye sote tunamwita Magokoro, yaani nyanya, kwa sababu ya wajukuu. Na kuna mimi. Watoto wametoka; wa mwisho, binti, amepanga chumba Kiogoro na anafanya kazi mjini Kisii. Alipoondoka huyo ndipo moyo wangu ulipoanza kunipiga mbio bila sababu. Nachuma majani, moyo unakimbia. Nimekaa kanisani, unakimbia. Nilienda zahanati mjini Nyamira nikifikiri nitaambiwa nakufa.

Muuguzi alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa binti yangu. Alinipima, akasema presha imepanda kidogo tu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mama, wewe hukaa chini saa ngapi?"

"Kukaa kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Nikacheka. Nikamwambia nakaa nikimenya ndizi, nakaa nikichambua mboga.

"Hiyo ni kazi," akasema. "Tafuta dakika kumi kila siku. Kaa. Shika kitu kimoja, kiangalie, kinuse, kisikilize. Mawazo yakiondoka, yarudishe. Lakini usiyagombeze."

Nilijaribu. Nasema kweli mbele za Mungu, nilijaribu wiki mbili. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikashika jani la mgomba. Mawazo yalienda kwa ng'ombe, yakaenda kwa binti yangu Kiogoro na mlango wake ambao kufuli yake ni mbovu, yakaenda kwa mbolea, yakarudi kwa ng'ombe. Nikayagombeza. Nikajaribu kusali badala yake, lakini sala zangu nazo zilikuwa orodha: mpe huyu, mponye yule. Moyo ukaendelea kukimbia.

Kahawa iliingia kwa njia ya kawaida kabisa. Mwisho wa msimu kulikuwa na matunda yaliyokaukia mtini, yale meusi yanayoitwa mbuni. Niliyaanika kwenye gunia, na asubuhi moja nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza nikiwa msichana: hiki kitu kina nini hasa? Nikachukua kiganja kimoja, nikatwanga ganda likatoka, nikatia zile buni za kijani kwenye sufuria, nikaongeza maziwa na sukari na tangawizi, nikachemsha kama chai.

Msomaji anaweza kucheka. Mimi sikujua! Nimeilima miaka thelathini na zaidi, na nilichemsha buni mbichi kwa maziwa. Ilitoka kitu kama maji ya kuoshea maharagwe. Nikamwagia mgomba.

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, na hapa lazima nieleze jambo ambalo ningependa kuliruka. Huyu mama alikuwa wa kanisa letu, mwimbaji, sauti yake ilikuwa inafika barabarani. Mume wake alipokufa, gari la kuchukua majani chai likawa linakuja upande wao siku ya Jumamosi. Akachuma Jumamosi. Baraza la kanisa likakaa, nami nilikuwa mmoja wa baraza. Mzee akauliza nani anaona atolewe kwenye kwaya. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Hakuniona nikiuinua, lakini hapa kwetu mkono hauinuki ukakosa kufika kwa mwenyewe. Mwaka huo huo akaenda kwa Wakatoliki, na sasa anawapikia mapadri.

Nilimkuta mtoni akifua. Nilizunguka zunguka, nikauliza habari za kuku, habari za mahindi.

"Sema ulichokuja nacho," akasema. "Maji yanakupita."

"Kahawa inapikwaje?"

Akaacha kufua. Akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe? Wewe uliyeinua mkono?"

"Mimi."

"Wa kwanza."

"Wa kwanza, ndiyo."

Alicheka hadi akakaa juu ya nguo zake. Nilingoja amalize. Nilistahili. Kisha akafuta macho kwa kanga iliyoloa akasema, "Padri angesikia hii angepiga kengele. Haya, njoo kesho na buni zako. Na usivae hilo gauni la kanisa, litanuka moshi, watakufukuza kabla hujaonja."

Hakunisamehe siku hiyo kwa maneno, na sikuomba. Lakini alinionyesha. Kigae cha chungu kilichovunjika ni bora kuliko sufuria, kwa sababu kinashika moto polepole. Buni zisirundikane. Unakoroga na kijiti, huachi. Mwanzo zinanuka kama gunia lililonyeshewa. Zinageuka njano, zinanuka kama mahindi ya kuchoma. Halafu kahawia. Halafu zinaanza kupasuka, tak, tak, na maganda yake mepesi yanaruka kama wadudu. Hapo, akasema, ndipo usiangalie pembeni.

"Ukiwaza kitu kingine dakika moja tu, umekunywa makaa," akaniambia. "Haikungoji."

Hilo ndilo lililonishika. Jani la mgomba lilikuwa linaningoja. Kizingiti kilikuwa kinaningoja. Mawazo yakienda Kiogoro, jani halikufanya kitu. Lakini kahawa iliniadhibu palepale. Wiki ya kwanza niliunguza mara nne, na kila mara nilijua kabisa nilikuwa wapi nilipoiunguza: mara ya kwanza nilikuwa kwenye kufuli ya binti yangu, mara ya pili kwenye maneno ya Magokoro kuhusu ugali wangu. Ya tatu sikumbuki. Ya nne nilikuwa najisifu kwamba leo sijaunguza.

Wiki ya pili nilitulia. Sikuwa najitahidi kutulia, nilikuwa naogopa kuunguza tu. Macho kwenye kigae, pua kwenye moshi, sikio kwenye ule mpasuko. Nikitoa, napeta kwenye ungo hadi zipoe. Nasaga. Namimina maji ya moto kwenye kikombe cha bati, nangoja unga utue chini. Halafu nakaa kizingitini. Ukungu bado umelala juu ya chai, majogoo wamemaliza zamu ya kwanza, watoto wa shule wanapita barabarani wakigombania nani aliyemwaga maji ya nani. Nakunywa bila sukari. Ni chungu. Uchungu wake una mwanzo na una mwisho, na katikati kuna kitu kama tunda, ambacho sikukiona mpaka siku ya ishirini hivi. Nikimaliza nasikiliza moyo. Unatembea. Haukimbii.

Na hili niliseme, kwa haki. Nilimwambia muuguzi, na hakufurahi sana. Alisema kahawa na presha si marafiki, kwamba ikiwa lazima basi kikombe kimoja tu, na nirudi kupimwa. Nimerudi kupimwa. Kwa hivyo asije mtu akasema nimeandika kwamba kahawa ni dawa ya moyo. Sijui kama ni kahawa. Nafikiri ni kule kukoroga.

Sasa kosa langu. Lilikuwa kwenye jiwe.

Magokoro ana jiwe la kusagia wimbi, yaani ulezi, lile la kupiga magoti, ambalo alikuja nalo alipoolewa. Sisi wote tunapeleka wimbi kinuni kwa mashine, yeye hataki. Anasema unga wa mashine una ladha ya mkanda. Uji wake anausaga mwenyewe, na magoti yakimuuma namsagia mimi, kwenye jiwe hilo hilo, chini ya upenu wa jikoni. Nami nilikuwa nasaga kahawa yangu wapi? Hapo. Nilikuwa nalipangusa na majani ya mgomba, nikiona limekuwa safi. Jiwe lina vitundu. Lilikuwa limenywa.

Kwa wiki nyingi Magokoro alikuwa akisifu uji. "Wimbi la mwaka huu limekubali," akawa anasema. "Lina kitu." Akaanza kuamka mapema sana, akifagia ua kabla ya jogoo, akisema Mungu amemrudishia nguvu za usichana. Nilimsikia na sikuelewa. Au nilielewa kidogo nikasukuma mbele. Sitaki kujitetea hapa.

Sabato moja mchana tulitembelewa. Alikuja mzee wa kwanza wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyewafundisha watoto wetu wote, pamoja na akina mama wawili wa Dorkasi, chama cha huduma cha wanawake wa kanisa. Nikawapa uji. Mwalimu akanywa, akasimamisha kikombe hewani, akanywa tena. Kumbe huyu mzee, kabla hajaokoka, aliishi mjini miaka mingi.

"Mama," akaniambia kwa upole, "uji huu umetiwa nini?"

"Wimbi, mwalimu."

"Wimbi na nini?"

Magokoro akadakia kwa fahari: "Ni jiwe langu hilo! Vijana hawajui tena uji."

"Mama mzazi," mwalimu akasema, "jiwe lako linakunywa kahawa."

Akina mama wa Dorkasi waliweka vikombe chini kwa pamoja, kama wamehesabiwa moja mbili tatu. Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama ndizi zilizokuwa kwenye sahani. Ningeweza kudanganya, hata mwalimu alikuwa amenipa mlango, alikuwa ameanza kusema labda ni gunia. Nikasema, "Ni mimi. Nasagia hapo kahawa yangu."

Magokoro hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama, akashika mgongo wa kiti, akasema polepole, "Miaka themanini sijaiweka mdomoni. Umeninywesha." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Wageni walipoondoka mume wangu alikuja jikoni. Hakai jikoni, lakini siku hiyo alivuta kigoda.

"Umeanza lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unakamua ng'ombe."

"Moshi huo wote nilifikiri unachoma mahindi." Akasogeza kigoda karibu. "Mama watoto, mimi ni mzee wa kanisa."

"Najua. Shati lako napiga pasi mimi."

"Usinijibu hivyo."

"Nikujibu vipi? Moyo ulipokuwa unakimbia ulisema nisali. Nilisali. Sasa unatembea. Nikiacha nitarudi kule."

"Huwezi kukaa kizingitini na maji ya moto?"

Hilo ni swali zuri. Niliwahi kulijaribu baadaye, kwa haki yake, siku tatu. Maji ya moto hayaungui.

Alisema hatanishtaki wala hatanitetea. Baraza likikaa, atatoka nje. Nilimwambia sawa. Haikuwa sawa, iliniuma, lakini nikifikiri sasa sijui angefanya nini kingine, mtu anayevutwa pande mbili kama yeye.

Ili ieleweke nilichokuwa nacho cha kupoteza: mimi ndiye niliyekuwa napika mkate wa meza ya Bwana. Kwa miaka kumi na minne. Ule mkate usio na chachu, mwembamba, unga na mafuta na maji na chumvi kidogo, unakandwa Ijumaa, unachorwa mistari kwa kisu ili umegeke vizuri. Vitambaa vyeupe vya meza vilikuwa kwangu, kwenye sanduku, nimevipiga pasi. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho mtu angesema, hiki ni cha yule mama. Chai ni ya shamba, ng'ombe ni wa mume, watoto wameenda. Mkate ulikuwa wangu.

Baraza lilikaa kanisani Jumapili, watu saba kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Mume wangu alitoka, akasimama chini ya mkaratusi na kofia mkononi. Nilimwona kupitia dirishani.

Mwalimu akaanza vizuri. Alisema hakuna anayenichukia, hakuna habari ya kuniweka chini ya marudi, nitengwe na ushirika. Ni huduma ya mezani tu. "Mikono inayoandaa mkate ule iwe mfano. Acha kikombe, mama, na hatutazungumza tena. Ukishindwa kukiacha, basi acha mkate."

"Naomba kusema," nikasema. "Nina makosa mawili mmeyaweka pamoja. La jiwe, nimekosa. Nilimnywesha mtu kitu ambacho hajakichagua, mama yangu, mtu aliyejitunza miaka themanini. Kwa hilo naomba msamaha kwenu na kwake, na adhabu mnipe. Lakini kikombe siombi msamaha."

Mama mmoja akaguna. "Jeuri hiyo."

"Inaweza kuwa jeuri," nikasema. "Lakini mniambie. Kahawa tunalima. Fungu la kumi la kahawa limeingia humu ndani, mabati haya tunayokaa chini yake yamenunuliwa nalo. Sikuwahi kusikia mtu akilirudisha."

Mabenchi yakasogea sogea. Mwalimu akajibu, na nitaandika jibu lake kwa sababu lilikuwa jibu.

"Umesema kweli, na inatuaibisha. Lakini sisi wote kukosea mahali pamoja hakufanyi mahali pengine kuwe sahihi. Labda siku moja tutang'oa hiyo miti. Leo tunazungumza kikombe."

Nikatafuta ndani yangu kama jibu lake limenihamisha, na kitu kilikuwa kimesogea, lakini si hadi kule alikotaka. Nikasema, "Mwalimu, wewe umenishinda kwa maneno. Lakini mimi najua nilivyokuwa na najua nilivyo. Kila siku dakika zile ndizo peke yake ambazo nipo. Sitaki kuziacha ndipo nipewe mkate."

"Basi tupige kura."

Nikaangalia mikono. Nilitaka kujua wa kwanza utakuwa wa nani. Ulikuwa wa mama mmoja kijana wa Dorkasi, mwenye uso mzuri, mwenye bidii, ambaye alikuwa akiamini kabisa anachofanya. Niliutambua mkono huo. Ulikuwa umenyooka kama wangu. Ikafuata mingine mitano. Mwalimu ndiye aliyekuwa anahesabu.

Nilipotoka mume wangu alivaa kofia, tukateremka, yeye mbele, mimi nyuma.

Nilifanya mambo mawili wiki hiyo. La kwanza, nilimwita yule mama kijana, kwa sababu mkate alipewa yeye, nikamkabidhi sanduku la vitambaa na kumfundisha. Sikumficha kitu. Alikuwa na simu kando ya jiko akisoma vipimo.

"Weka simu mbali," nikamwambia. "Unausikia? Unaanza kunuka. Ukiangalia pembeni hapo umeungua."

"Mama, umejulia wapi kunusa hivyo?" akauliza, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa. Nilicheka. Yeye pia alicheka, kidogo, akiangalia mlango.

La pili, nilienda kijitoni nikatafuta jiwe. Nilichagua moja bapa, zito kama mtoto wa darasa la pili, nikalifunga kwa kanga mgongoni. Jirani yangu alikuwa ng'ambo, akaniona.

"Wamekutoa?"

"Wamenitoa."

"Wa kwanza nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Maskini. Huyo naye siku yake inakuja." Halafu akasema, "Mimi nilikesha nikilia, unajua?"

"Sikujua. Ningejua ningeuinua tu, siku zile. Leo nisingeuinua."

"Afadhali hukunidanganya," akasema. "Panda, jiwe lisikuangushe."

Katikati ya mteremko nilikutana na mume wangu akitoka kukata nepia, majani ya ng'ombe. Akanyoosha mikono apokee.

"Niache," nikasema. "Ukinibebea utakuwa umenisaidia kutenda dhambi."

"Utavunjika mgongo, mwanamke."

"Ni wangu."

Alinifuata nyuma hadi nyumbani, karibu sana, mikono mbele kidogo kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea. Hakuligusa. Niliweka jiwe upande wa pili wa jikoni, mbali na la Magokoro. La Magokoro nililisugua kwa mchanga na maji ya moto siku tatu mfululizo, nikasagia mahindi makavu nikayamwaga, nikasagia tena, mpaka mwenyewe alipopiga magoti, akalinusa kwa muda mrefu, akasema, "Haya." Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu ile Sabato.

Robo ya mwaka ilipofika tukaenda kwenye meza ya Bwana. Kwetu kabla ya mkate kuna kutawadhana miguu, wanawake chumba chao, wanaume chao, mnaoshana wawili wawili kwa beseni na taulo. Nilikaa nyuma. Wawili wawili wakachaguana. Sikuchaguliwa. Nilijiambia natazama tu, kama kahawa, sitayagombeza mawazo, lakini niliyagombeza sana.

Kisha nikasikia fimbo. Magokoro alikuja akiburuta kiti chake mwenyewe, akakaa mbele yangu, akavua viatu. Nilipiga magoti nikachukua mguu wake. Akainama akavuta hewa kwa nguvu, wanawake wote wakamsikia.

"Mikono yako inanuka."

"Najua, mama. Nimeiosha kwa sabuni."

"Bado inanuka."

Nikakaa na mguu wake mkononi, sijui niuweke chini au la.

"Haya, osha," akasema. "Maji yanapoa."

Nikaosha. Akaniosha na yeye, kwa nguvu, kama anasugua sufuria. Halafu tukaingia kanisani, na mkate ukapitishwa. Ulikuwa umeungua upande mmoja. Nikajua hasa ni saa ngapi yule mama kijana aligeuka kuangalia simu. Nikaumega nikala, na sitasema haikuniuma, kwa sababu iliniuma, na ningependa kuandika kwamba sasa sijali. Najali. Kila Ijumaa mikono yangu inatafuta unga.

Lakini Jumapili yake asubuhi nilikoka moto, nikaweka kigae. Gunia lililonyeshewa, mahindi ya kuchoma, kahawia. Zikaanza kupasuka. Nikakoroga. Nyuma ya ukuta, kitandani kwake, Magokoro akakohoa, akagonga ukuta kwa fimbo.

"Wewe! Zimefika! Utaunguza!"

"Nasikia, mama."

Niliziacha kidogo tena, kwa sababu nazipenda nyeusi. Halafu nikazitoa.